Arobaini na Tisa: Alama, Hadhi na Usomaji Usiotaja Sababu

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika madarasa ya fasihi, hasa pale mjadala unapozuka kuhusu upendeleo wa mhakiki. Ni nadra, hata hivyo, kusikika katika kikao ambamo pengine ingefaa zaidi, yaani kikao cha Bodi ya Watahini. Humo alama za wanafunzi wa uzamili husomwa kwa sauti ya haraka, jina baada ya jina, na kila alama huchukuliwa kuwa kitu kilichokwisha kupimwa na kukubaliwa. Ngozi ilivutwa upande gani, na nani aliyeivuta, ni maswali ambayo aghalabu hayaulizwi.

Insha hii inamhusu mhadhiri mmoja wa fasihi ya Kiswahili, katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya, ambaye alilazimika kujiuliza maswali hayo juu ya alama aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe. Alama hiyo ilikuwa 49.

Ili uzito wake ueleweke, yafaa kwanza kutazama kanuni. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufaulu kuanzia alama 40, na 49 kwake ni gredi ya D: si ya kujivunia, lakini humvusha. Mwanafunzi wa uzamili hufaulu kuanzia 50. Kuanzia 50 hadi 59 ni C, kuanzia 60 hadi 69 ni B, na 70 kwenda juu ni A. Kwa hiyo alama ile ile ambayo mwaka mmoja uliopita ingemvusha mwanafunzi, sasa humwangusha. Chuoni humo, aliyeanguka hukalia mtihani wa marudio. Akiufaulu, hata kama atapata 80, transkripti yake huandikwa 50. Akianguka tena, hairuhusiwi kuendelea na masomo bila idhini ya vikao vya juu. Hayo yote hutegemea tofauti ya alama moja.

Mwanafunzi aliyehusika alikuwa binti wa Mombasa. Alikuwa amepata 34 kati ya 60 katika mtihani wa mwisho wa muhula, na 15 kati ya 40 katika makala yake ya semina. Makala hayo yalihusu *Sauti ya Dhiki*, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyochapishwa mwaka 1973 na kutunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Kila msomaji wa ushairi wa Kiswahili anajua kwamba mashairi hayo yalitungwa kifungoni, kati ya mwaka 1969 na 1972, baada ya mshairi kuhukumiwa kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, *Kenya: Twendapi?* Kinachojadiliwa kwa nadra ni jinsi yanavyosikika. Binti huyo alikuwa amejishughulisha na jambo hilo. Alifuatilia mahali ambapo mshororo hukatika kati ya ukwapi na utao, akadai kwamba mfungwa asiyekuwa na mamlaka juu ya mlango, taa wala chakula chake, alijiwekea katika vina na mizani utaratibu ambao askari jela hakuweza kumpokonya. Aidha, alionyesha kuwa maneno ya Kimvita katika diwani hiyo humfanya msikilizaji wa Mombasa asikie sauti ya mtu wa nyumbani akizungumza, pale ambapo msomaji wa kutoka bara huona msamiati mgumu unaohitaji maelezo.

Hakutaja nadharia hata moja. Mwongozo wa kusahihishia, ambao mhadhiri alikuwa ameuandika mwenyewe na kuugawa mwanzoni mwa muhula, ulitenga alama 12 kati ya 40 kwa ajili ya msingi wa kinadharia. Katika sehemu hiyo alipata sufuri. Katika zile 28 zilizosalia alipata 15. Juu ya ukurasa wa kwanza mhadhiri aliandika neno moja tu kwa wino mwekundu: "Nadharia?"

Matokeo yalipobandikwa, binti alikuja ofisini, akaamkia kwa heshima, akakataa kuketi.

"Mwalimu, sikuja kuombea alama," alisema. "Nimekuja kuuliza makala yangu yalisomwa vipi."

Mhadhiri alimweleza kwamba hapakuwa na nadharia, na kwamba mwongozo ulikuwa wazi tangu mwanzo.

"Naam, Mwalimu, hilo nalikubali. Lakini niliyoyasema kuhusu mishororo, je, ni makosa?"

Mhadhiri alikosa jibu, kwa maana hakukumbuka. Alikuwa amesahihisha makala kumi na nne katika siku tatu, na alichokumbuka kuhusu makala hayo ni pengo lililokuwamo. Alimwomba binti ampe siku mbili, naye akashukuru na kuondoka.

Kilichomkosesha mhadhiri usingizi usiku huo ni kumbukumbu ya ukurasa mwingine wenye wino mwekundu. Katikati ya miaka ya 1990 alikwenda Marekani kusomea shahada ya uzamifu, akifundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ili alipiwe karo. Alikwenda akiwa na daraja ya pili ya juu na wastani wa 68, alama ambayo nyumbani ilimfanya aitwe mwanafunzi hodari. Baadaye karani mmoja wa idara, mtu mwenye huruma, alimwambia kwamba maombi yake yalikaribia kutupwa. Kwa vipimo vya kawaida vya nchi hiyo, 68 ni D yenye alama ya kujumlisha, na hata 70, ambayo Nairobi ni mwanzo wa A, huko ni C yenye alama ya kutoa. Aliokolewa na profesa mmoja aliyewahi kufundisha Afrika Mashariki na aliyejua kuusoma waraka huo kwa kipimo cha kwao.

Katika muhula wake wa kwanza alichukua kozi tatu. Alipata B yenye alama ya kujumlisha, B tupu, na C yenye alama ya kujumlisha. Katika hesabu ya Marekani A ni pointi 4.0, B ni 3.0 na C ni 2.0, nazo alama za kujumlisha na kutoa huongeza au kupunguza sehemu ya pointi. Zake zilikuwa 3.3, 3.0 na 2.3, wastani wake 2.87. Kanuni ya vyuo vingi vya huko humtaka mwanafunzi wa uzamili na uzamifu asishuke chini ya wastani wa 3.0. Alipokea barua ya aya mbili iliyomjulisha kwamba hadhi yake ya kitaaluma imebadilika, kwamba sasa yumo katika kipindi cha majaribio, na kwamba asipoupandisha wastani huo ataondolewa. Barua haikutaja kwamba akiondolewa atapoteza kazi ya kufundisha, wala kwamba viza yake ilifungamana na usajili wake. Hayo aliyajua bila ya kuambiwa.

Alikaa na kalamu akapiga hesabu. B tatu tupu zisingemwokoa, kwani zingemfikisha 2.93 tu. Hapo ndipo alipotambua kwamba katika masomo ya juu ya nchi ile B, ambayo kwa maneno huitwa nzuri, ni namna ya adabu ya kumwambia mtu kuwa anachungulia shimo. Alizipata mbili zenye kujumlisha na moja tupu, akavuka kwa 3.03. Lakini kilichomuumiza zaidi ni ile C. Makala aliyoyaandika yalirudishwa yakiwa na sentensi moja pembeni, iliyosema kuwa ananukuu vizuri ila hajengi hoja. Alikuwa ameandika kama alivyofunzwa: kutaja wataalamu, kupanga rai zao, kuhitimisha kwa unyenyekevu. Aliyemsahihisha hakuuliza alitoka wapi na namna hiyo ya kuandika. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mtu aliyeumizwa kwa kunukuu bila ya kujenga hoja alikuwa amemwangusha binti aliyejenga hoja bila ya kunukuu.

Kisa hiki kingeweza kuishia hapo kama hadithi ya toba ya mtu mmoja, lakini vipimo vyenyewe vina historia iliyo ndefu kuliko maisha ya mhadhiri yeyote. Herufi A, B na C, ambazo leo huonekana kana kwamba zilishuka pamoja na elimu yenyewe, ni changa. Mount Holyoke, chuo cha wanawake katika jimbo la Massachusetts, kilianza kuzitumia mwaka 1897, na A ya wakati huo ilianzia alama 95. Ngazi ya Kenya ilifika kwa njia nyingine. Makerere ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Nairobi ikafuata njia hiyo mwaka 1961, ilipokuwa Chuo cha Kifalme. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 Nairobi, Dar es Salaam na Makerere zikawa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Kipimo cha Kiingereza, ambacho huanzisha daraja ya kwanza kwenye alama 70 na kuacha 80 na 90 karibu tupu, kilibaki.

Jambo hili lastahili kutafakariwa na kila idara ya fasihi nchini. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa: fasihi simulizi iliingia darasani, waandishi wa bara hili wakasomwa kwanza, na athari zake zikafika hadi shule za sekondari. Walichopigania ni kile kinachosomwa. Namna ya kukipima kile kilichosomwa haikuguswa kwa kiasi hicho. Mwanafunzi akaweza kuandika juu ya Muyaka badala ya Wordsworth, lakini aliyemsahihisha bado alikuwa na ngazi ile ile mkononi, na bado hakuwajibika kueleza ni kwa nini ameisimamisha kwenye 58 na si 62.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulitilia shaka jambo hili, kwa kuwa taaluma yao yenyewe imewahi kuishi mgogoro wa kipimo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, kitabu kilichoweka wazi mambo ambayo malenga walikuwa wakiyajua kwa masikio. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Lau *Kichomi* ingesahihishwa kwa mwongozo uliotolewa katika kitabu cha mwaka 1954, ingepata sufuri katika sehemu ya vina, sufuri katika sehemu ya mizani, na mtungaji wake angekalia mtihani wa marudio. Wapinzani wake walisema takriban hivyo. Lakini walisema kwa makala, kwa mashairi ya kujibu na kwa mijadala iliyoendelea miaka mingi, na kwa hiyo waliweza kujibiwa. Hiyo ndiyo desturi ya zamani zaidi ya uhakiki katika lugha hii: shairi hujibiwa kwa shairi, na anayemkosoa mwenziwe hujiweka wazi naye akosolewe. Alama hutoa hukumu bila ya kujiweka wazi kwa jibu lolote.

Siku mbili zilipokwisha, mhadhiri alikuwa ameyasoma upya makala yote kumi na nne. Aliyoyagundua hayakuwa rahisi. Kwanza, kutokuwapo kwa nadharia katika makala ya binti lilikuwa kosa la kweli. Mwanafunzi wa uzamili anapaswa kujua wengine wamesema nini, na pale alipodai kwamba umbo la shairi ni namna ya uhuru, alikuwa akipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa bila ya kujua. Pili, sehemu yake juu ya mishororo ilikuwa bora kuliko chochote kilichoandikwa darasani mwaka huo. Tatu, na hili ndilo lililomkaba koo, kulikuwa na makala mengine yaliyopata 27 kati ya 40 ambayo yalieleza nadharia ya umuundo kwa kurasa sita, kisha yakaligusa shairi mara mbili tu, na mara zote mbili vibaya. Kwa mujibu wa mwongozo alama zote mbili zilikuwa sahihi. Kwa mujibu wa usomaji, zote mbili zilikuwa kosa.

Alipeleka suala hilo mbele ya Bodi, akiomba makala yote yasahihishwe upya na msomaji wa pili. Kikao kilimsikiliza kwa subira. Mwenyekiti alimkumbusha, na kwa haki, kwamba kanuni hizi zimewekwa ili kumlinda mwanafunzi. Panapokosekana mwongozo ulioandikwa, mhadhiri huweza kumpa mtoto wa rafiki yake 70 na kumnyima asiyempenda. Mpaka wa kufaulu lazima uwekwe mahali fulani, na popote utakapowekwa patakuwa na mtu aliyesimama hatua moja nyuma yake. Vilevile, kuiandika 50 alama ya marudio ni njia ya kuwatendea haki waliofaulu mara ya kwanza. Hoja hizi zina uzito, na mhadhiri hakuzibeza. Bodi iliamua kwamba makala yatakayosomwa upya ni yale tu yaliyolalamikiwa. Hakuna aliyeilalamikia 27. Alama ya chini hutakiwa kujieleza. Ya juu hupita kimya.

Msomaji wa pili, mtu makini na asiyemjua binti, alipewa makala pamoja na mwongozo. Naye alitoa 15. Bodi iliridhika, kwa kuwa wasahihishaji wawili walikuwa wamekubaliana bila ya kushauriana. Mhadhiri aliona kitu kingine. Watu wawili wakipima kitambaa kwa ufito mmoja uliokatwa vibaya watapata kipimo kimoja, na makubaliano yao hayatauongeza ufito huo hata nchi moja. Mwongozo ulikuwa wake. Aliukata yeye.

Binti alikalia mtihani wa marudio akapata 66. Katika makaratasi yake safari hii nadharia ilikuwapo, imeshikwa kwa mkono mwepesi, na mishororo ilikuwapo pia. Transkripti iliandikwa 50. Aliendelea, akaandika tasnifu yake juu ya usikilizaji wa mashairi katika miji ya pwani, akaitetea, akapita kwa marekebisho madogo.

Alipotaka kuomba nafasi ya uzamifu ng'ambo, alirudi kwa mhadhiri kuomba barua ya mapendekezo. Hapo ndipo ile 50 ilipoonekana kwa macho mengine. Mhadhiri alijua vyema jinsi ambavyo kamati ya Marekani ingeisoma: 50 kati ya 100, alama ambayo kwao iko chini kabisa ya mpaka wa kufaulu, tena katika kozi ya ushairi, yaani taaluma ile ile anayotaka kuizamia. Transkripti haikueleza kwamba 70 ni A. Haikueleza kwamba 50 hiyo ilikuwa 66 iliyokatwa, wala kwamba kabla ya 66 palikuwa na 49 iliyotokana na uamuzi wa mhadhiri mmoja juu ya alama 12. Namba ilikuwa imesafiri peke yake, bila ya msindikizaji.

Aliandika barua ya kurasa mbili. Alieleza ngazi ya alama ya Kenya, kanuni ya marudio, na kisha, kwa aya tatu, alichokiona katika makala ya binti juu ya *Sauti ya Dhiki*: hoja ipi ilikuwa na nguvu, ipi ilikosa msingi, na kwa nini sehemu ya mishororo ilistahili kuendelezwa. Alipoisoma barua kabla ya kuitia sahihi, alitambua kwamba hayo ndiyo aliyopaswa kuyaandika juu ya ukurasa wa kwanza wa makala yale, mahali alipoandika neno moja na kiulizi.

Kutokana na kisa hiki yapo mambo machache ambayo idara ya fasihi inaweza kuyafanya bila ya kungojea Seneti wala Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Inaweza kutaka kila alama ya makala ya uzamili iambatane na ukurasa mmoja wa sababu, na mwanafunzi aruhusiwe kuujibu kwa maandishi kabla Bodi haijakaa. Inaweza kuijadili miongozo ya kusahihishia katika kikao cha wahadhiri wote, kama inavyojadili silabasi. Inaweza kumwomba Msajili achapishe ngazi ya alama, pamoja na maana ya 50 ya marudio, nyuma ya kila transkripti. Hakuna hata moja kati ya haya litakalouondoa mpaka wa 50. Yatakachofanya ni kumlazimu anayemsimamisha mtu nyuma ya mpaka huo aseme ameona nini.

Mwaka uliofuata mhadhiri aliubadilisha mwongozo wake. Zile alama 12 hazikufutwa. Zilihamishiwa katika sehemu inayouliza nadharia imelifanyia shairi kazi gani. Aliandika ukurasa mmoja kwa kila makala kabla ya kuandika alama yoyote. Kazi iliyokuwa ikimchukua siku tatu ilimchukua karibu wiki tatu, na katika makala mawili, baada ya kuandika sababu zake, alijikuta hawezi tena kuiandika alama aliyokuwa ameikusudia. Bodi ya Watahini ilipokaa, alama zilisomwa kama kawaida, jina baada ya jina. Hakuna aliyeziomba zile kurasa. Zilibaki katika jalada, juu ya meza, mbele yake.